Mlango wa Clonfert

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka huku Galway, Ayalandi. Mimi ni mzima, ila mvua haina likizo. Uliniuliza kuhusu ile picha ya mlango nikiwa zamu, nikakukatia simu. Leo nimepumzika.

Mahali penyewe panaitwa Clonfert. Usidhani ni mji: ni kanisa, makaburi, nyumba chache, na malisho mpaka macho yachoke. Mwenzangu wa kazini alinipeleka kwa gari Jumapili. Nilipoambiwa ni kathedrali nilijiandaa kushtuka, kumbe ni dogo kuliko kanisa letu la pale sokoni. Lakini huo mlango, baba!

Wewe unayeshika tindo kila siku utanielewa. Ulichongwa karne ya 12 kwa jiwe la mchanga lenye rangi ya hudhurungi. Matao yamepangwa moja ndani ya jingine, kila moja na nakshi yake, na kuna safu nzima ya vichwa vya wanyama. Juu kuna pembetatu iliyojaa vichwa vya watu. Nilisimama kwenye mvua nikitafuta viwili vinavyofanana, nikashindwa. Miimo inaegemea ndani kadiri inavyopanda; fundi hakukosea timazi, ndivyo Waayalandi wa kale walivyojenga milango. Tao la ndani kabisa ni jiwe la chokaa, la kijivu, lililoongezwa karne ya 15. Hilo bado limeshika umbo. La mchanga limelika, nyuso nyingine zimebaki kama sabuni iliyotumika.

Ndani, kwenye tao karibu na altare, kuna nguva ameshika kioo na chanuo. Kanisani! Nilicheka peke yangu. Ila monasteri ya hapa ilianzishwa na Mtakatifu Brendan karne ya 6, na huyo sifa yake ni ubaharia, kwa hiyo nguva si mgeni sana.

Umeuliza mbona Wakatoliki hawasali humo, na wao ndio wengi. Wafalme wa Uingereza walipoachana na Roma, makanisa ya zamani yalikwenda kwa Waanglikana. Wakatoliki wakabanwa na sheria, wengine wakisomewa misa porini, mwamba ukiwa altare. Vizuizi vikubwa vya mwisho viliondolewa 1829. Ndiyo maana vijiji vingi vya huku vina kanisa la kale lenye waumini wa kuhesabu, na la Kikatoliki ambalo ni kubwa lakini la juzijuzi. Kathedrali ya Kikatoliki ya jimbo hili la Clonfert iko mji wa Loughrea, na ilianza kujengwa 1897. Katikati ya hayo ilipita njaa iliyoanza 1845, viazi vilipooza: watu kama milioni moja walikufa, milioni nyingine wakahama. Nikiona huku kuta zisizo na paa, huwa nawaza hao.

Mwambie nyanya yako kwamba Kiltegan, jina la wale mapadre waliokuja Kitui, ni kijiji tu cha huku Ayalandi, kaunti ya Wicklow. Shirika lao lilianzia hapo 1932. Atabisha, najua.

Sasa nina ombi. Ukibakiwa na kipande cha jiwe, nichongee kichwa cha marehemu babu yako, na ile pua yake usiipunguze. Nitumie picha kabla ya Krismasi.

Mama yako