Chanjo imefika kituoni, sisi hatujafika

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo wakuu wa afya katika wilaya yetu ya Busia, Uganda, wanaweza kulirekebisha bila kusubiri bajeti ya mwaka ujao. Mimi ni mfanyabiashara mdogo hapa mpakani. Polio ilinipata nikiwa na miaka mitatu ikaniacha bila nguvu za miguu, kwa hiyo natembelea baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, ile ambayo kila anayevuka kwenda Kenya ameiona ikipita imesheheni mizigo. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani nina shaka na chanjo. Kati ya watu wote wa wilaya hii, sisi tulioguswa na polio ndio wa mwisho kuhitaji kuelezwa faida zake.

Shida yetu ni kuifikia. Chanjo ya korona ilipoanza kutolewa nchini mwezi Machi mwaka 2021, nilisubiri hadi zamu ya watu wa rika langu ilipotangazwa, nikaenda asubuhi na mapema kwenye kituo kimoja cha afya. Jengo lenyewe lina njia nzuri ya mteremko kwa ajili ya viti vya magurudumu, na hata imepakwa rangi. Lakini kati ya barabara na hiyo njia kuna mtaro wa maji ya mvua, na juu ya mtaro yamewekwa mabao mawili ambayo mwenye miguu huyavuka bila kufikiri. Gurudumu langu la mbele lilizama katikati ya mabao hayo, nikabaki hapo, nusu ndani na nusu nje, mpaka kijana mmoja wa bodaboda aliponivuta. Muuguzi alitoka na daftari lake akamuuliza yule kijana, ambaye hakuwa ananijua hata kwa sura: "Mzee huyu ana miaka mingapi, na amekubali kuchanjwa?" Nilijibu mwenyewe. Hakuwa na nia mbaya, na sindano yake sikuisikia, ila swali lile bado nalikumbuka.

Yangu ni madogo nikiyalinganisha na ya jirani yangu, mama kiziwi mwenye mtoto mchanga. Katika mtaa wetu siku ya chanjo hutangazwa kwa kipaza sauti kinachozungushwa juu ya pikipiki, na mara nyingine msikitini na kanisani. Mama huyu hujua kuna jambo anapowaona wenzake wakipita na watoto mgongoni na kadi mkononi. Alipofika na mtoto wake kwa ajili ya chanjo ya surua ya miezi tisa, ilikuwa imeshapita saa nane mchana, na aliambiwa kwa kuoneshwa mkono kwamba arudi siku nyingine. Baadaye nilimuuliza mhudumu mmoja sababu, naye akanieleza kwa uungwana. Kichupa kimoja cha chanjo ya surua na rubela kina dozi kumi, na kikishachanganywa hutakiwa kutumika ndani ya saa sita, kinachobaki hutupwa. Hivyo mtoto anapofika peke yake jioni, muuguzi husita kufungua kichupa kipya, kwa kuwa ataulizwa kuhusu dozi tisa zilizomwagwa. Naelewa hofu hiyo. Lakini anayefika peke yake na kwa kuchelewa karibu kila mara ni yule yule: ambaye hakulisikia tangazo, au ambaye hakuwa na wa kumsukuma, au ambaye bodaboda wamemtoza nauli mara mbili kwa sababu ya kiti chake.

Sheria tunazo za kutosha. Katiba ya mwaka 1995 inaitaja hata lugha ya ishara, nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na Bunge lilituletea sheria mpya ya watu wenye ulemavu mwaka 2020. Ipo pia Sheria ya Chanjo ya mwaka 2017, ambayo humwadhibu mzazi asiyempeleka mtoto kuchanjwa. Hii ya mwisho hunifanya nicheke kwa uchungu, maana ikisomwa neno kwa neno, mkosaji katika kisa nilichokieleza ni yule mama kiziwi.

Wapo watakaosema kwamba wahudumu ni wachache na kwamba kumfuata kila mtu nyumbani haiwezekani. Lakini Januari 2022, katika kampeni ya polio, wahudumu walipita nyumba kwa nyumba nchi nzima wakiwadondoshea watoto wa chini ya miaka mitano matone mdomoni na kuandika kwa chaki kwenye milango. Kwetu walifika, hata kwenye vibanda vya nyuma ya soko ambako mkusanya kodi huwa hafiki. Nakubali kwamba matone si sindano: sindano inataka kisanduku cha kutupia sindano zilizotumika, na inataka aliyechanjwa aangaliwe kwa muda kabla ya kuachwa. Kwa sababu hiyo siombi kila nyumba ifikiwe kila mwezi. Naomba wafikiwe wale wachache wanaojulikana, nao katika kijiji kimoja si wengi kiasi cha kumshinda mhudumu wa afya wa kijiji kuwaandika katika daftari moja, akiwemo msichana wa miaka kumi ambaye hasomi kwa kuwa wazazi wanamficha, na ambaye chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, inayotolewa zaidi mashuleni, itampita bila mtu kujua.

Orodha hiyo ikiwepo, hata shida ya kichupa inapungua. Muuguzi anayejua kwamba Jumanne kuna watoto wanne wa kufuatwa upande wa sokoni atafungua kichupa asubuhi kituoni, awachanje waliofika, kisha saa mbili za mwisho aondoke na kisanduku cha barafu kwa bodaboda kabla saa sita hazijaisha. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anaweza kutuma ujumbe wa simu kwa viziwi siku mbili kabla. Wengi wao wana simu na wanasoma. Mtaro ule unahitaji zege la mifuko miwili ya saruji, na mafundi wenye ulemavu hapa Busia wapo ambao wangeumwaga kwa malipo ya chakula cha mchana.

Mimi na wenzangu wawili wa baiskeli hatukungoja. Tumeanza kuandika majina katika mtaa wetu, na hadi Jumapili iliyopita tulikuwa na watu kumi na mmoja, watoto saba na watu wazima wanne, tukiandika kando ya kila jina kama mhusika husikia, huona, na ni nani nyumbani anayeweza kumsindikiza. Kinachotukwamisha ni kwamba kituoni hatujaambiwa tumkabidhi nani daftari hilo. Iwapo mhusika yeyote wa wilaya atausoma ukurasa huu, tunapatikana kila asubuhi upande wa Uganda, karibu na geti la mizigo.

Wako mtiifu,
Mfanyabiashara wa mpakani,
Busia, Uganda