YAH: Malalamiko kuhusu bledi za dado mlizoniuzia na ushauri wa hatari nilioupata kwa muuzaji wenu

Karakana ya Useremala,
Ngamiani, Tanga.

10 Machi 2025

Meneja wa Mauzo,
Duka la Mashine za Mbao,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni seremala, na kazi hii naifanya hapa Tanga mwaka wa 19 sasa. Mwezi Januari mwaka huu nilinunua kwenu msumeno wa meza wa bledi ya milimita 250, na siku hiyohiyo nikachukua seti ya bledi za dado, yaani bledi zinazopangwa pamoja ili kuchimba mfereji mpana kwenye mbao, kwa Sh 420,000. Risiti ya EFD ninayo na nakala yake nimeiambatisha. Msumeno hauna tatizo, naufanyia kazi kila siku. Ninachokilalamikia ni hiyo seti ya dado, na zaidi ya seti, maneno niliyoambiwa kwenye simu pale ilipokataa kufungwa.

Nilinunua dado kwa sababu ya kazi moja. Madrasa ya jirani waliniagiza makabati 6 ya kuwekea misahafu na vitabu. Fremu ni mtiki wa Longuza, mbavu na rafu ni plaiwudi. Kila kabati lina rafu 4, na kila rafu inaingia kwenye mfereji kulia na kushoto, kwa hiyo ni mifereji 48. Rafu ya misahafu haipigwi misumari pembeni ukasema basi. Inabeba uzito mwaka mzima, watoto wanaivuta na kuegemea, kwa hiyo lazima ikae ndani ya mfereji wake. Ukiwa na dado iliyopangwa sawasawa, mfereji mmoja ni kupitisha mbao mara moja tu.

Kabla sijalipa nilimuuliza muuzaji wenu maswali mawili, nikasimama nisubiri jibu. La kwanza: tundu la bledi hizi ni milimita ngapi? Akaniambia 30, sawa na shafti ya mashine, yaani ule mhimili unaobeba bledi. Hilo lilikuwa kweli. La pili: shafti ina urefu wa kutosha kubeba seti nzima na nati yake? Akasema, "Zinaingiliana, fundi, ni za mashine hiyohiyo." Hilo halikuwa kweli.

Nimepima plaiwudi yangu kwa kalipa. Inaitwa ya milimita 18, lakini unene wake halisi ni 17.5, kama zilivyo plaiwudi nyingi. Nikapanga seti kulingana na kipimo hicho: bledi mbili za nje, katikati vile visu vya kuchimba vitatu vya inchi 1/8 na kimoja cha inchi 1/16, halafu washa nyembamba kama karatasi ya kujazia kilichopungua. Meno ya visu nikayapisha yasigusane. Kile kibati cha nyuma ya bledi, kinachotenganisha mbao iliyopasuliwa, nikakitoa, maana mfereji haupasui mbao hadi upande wa pili, na bati la katikati ya meza nikachonga jingine lenye uwazi mpana, kwa kuwa la kwenu lina nafasi ya bledi moja tu. Kazi yote hiyo ilinichukua asubuhi nzima.

Nikaweka washa ya nje, nene kama milimita 5. Nikachukua nati. Haikupata uzi hata mmoja wa kushika.

Nikatoa vipande vyote nikapima shafti. Kuanzia pale bledi inapoegemea hadi ncha ni milimita 22. Seti yangu ni milimita 17 na nusu. Ukiweka washa, nati inabaki haina pa kukaa. Na seti yenyewe mmeitangaza kuwa inapanuka hadi milimita 20.6! Kwenye mashine hii hata nusu ya upana huo ni shida, maana nati peke yake ina unene wa milimita 12.

Ndipo nikapiga simu dukani. Nanukuu jibu kama nilivyolisikia, na kijana wangu wa kazi alilisikia pia kwa sababu simu ilikuwa kwenye spika: "Toa hiyo washa ya nje, mzee wangu, itashika. Mafundi wote wanafanya hivyo."

Ndugu Meneja, naomba usimame kidogo hapa. Nilitoa washa nione anachosema. Nati ilizunguka mara mbili ikaishia hapo. Nikapitisha ukucha ndani ya tundu la nati, ncha ya shafti ilikuwa imezama ndani kabisa, haijafika hata nusu ya unene wa nati. Nyuzi mbili za chuma ndizo zingeshika vipande sita vyenye meno, vinavyozunguka mara 4,000 kwa dakika, sentimita chache kutoka kwenye vidole. Kijana wangu alikuwa amesimama upande wa swichi, anasubiri nimwambie awashe mashine. Ana miaka 20. Mama yake alinikabidhi kwa mkono wake.

Na kuna jambo muuzaji wenu anapaswa kulijua kabla ya kumshauri mtu yeyote. Mashine hii ina breki. Ukizima, shafti inasimama ndani ya sekunde 10. Bledi moja nyepesi haina taabu, lakini mzigo wa dado ni mzito, na shafti inapozuiwa wenyewe bado unataka kuendelea kuzunguka. Nguvu hiyo ndiyo inayofungua nati. Washa ya nje ipo kubana mzigo huo wote kwa pamoja. Kanuni ya fundi yeyote aliyefundishwa ni kwamba nati ikae yote kwenye uzi na ncha ya shafti ionekane upande wa pili. Isipofika, huwashi.

Kitabu cha maelekezo hakikuwemo kwenye boksi. Nilikitafuta mwenyewe kwenye intaneti, na kinasema wazi kuwa mashine hii haikutengenezwa kufungwa bledi za kuchimba mifereji. Mashine nyingi za Ulaya zina shafti fupi za namna hii, na mtu anayeziuza anapaswa kulijua hilo kabla ya mteja. Kama ningekiona kitabu siku ya kununua, nisingetoa hiyo Sh 420,000.

Seti nimeifuta vumbi na kuirudisha kwenye boksi lake. Haijagusa mbao. Meno ni ya kabaidi, makali yake mazuri, na kwenye mashine yenye shafti ndefu itamfaa mtu. Nilipoomba kuirudisha nikaambiwa bidhaa ikishafunguliwa hairudishwi. Sasa fundi atajuaje kama bledi inaingia bila kuifungua?

Mifereji 48 niliichimba kwa ruta ya kuazima, ile mashine ya mkono ya kuchimbia mbao, kila mmoja kwa kupitisha mara mbili na kipande cha kuongozea, usiku nne mfululizo, ili Ustadhi apate makabati yake kabla ya Ramadhani. Aliyapata. Gharama ya bledi ya ruta iliyoungua na posho ya kijana wangu kwa usiku ule siwadai.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie Sh 420,000 ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, nami nitaituma seti kwa basi, nauli ya mzigo juu yenu. Kwenye tangazo la seti hiyo muandike kipenyo cha tundu, kasi ya juu ya mzunguko inayoruhusiwa na urefu wa shafti unaohitajika, na muache kuiuza pamoja na mashine hii. Na huyo aliyepokea simu aitwe, afungiwe nati kwa nyuzi mbili mbele ya macho yake, mashine ikiwa imechomolewa kwenye umeme, aone mwenyewe alichokuwa anamwambia mtu afanye. Sitaki afukuzwe kazi. Nataka asimwambie hivyo fundi mwingine, kwa sababu kuna atakayemsikiliza.

Siku hizo 14 zikipita bila jibu, nitapeleka barua hii na risiti kwa Tume ya Ushindani, FCC.

Namba yangu ya simu mnayo kwenye kumbukumbu za mauzo. Napatikana saa zote isipokuwa wakati wa swala.

Wenu mteja,

Seremala, Ngamiani, Tanga