Mpwa wangu kaitwa mwanaharamu

Somo yangu,

Asalaam aleikum. Sisi hapa Tanga hatujambo, ila mama magoti bado yanamtesa. Khanga ulizompa shemeji zimefika, ahsante sana. Najua nimekaa kimya mno, lakini leo moyo umenijaa.

Mpwa wangu, yule wa marehemu dada, kampiga mwenzake ngumi uwanjani mpaka damu zikamtoka puani. Alimpiga chenga, akafunga goli, mwenzake akamwita mwanaharamu. Baba wa yule mtoto kaja hapa anafoka: eti hayo ni maneno ya mpira, hata wao wazee barazani, mtu akiwala kete za bao, humwita hivyo huku wanacheka.

Ni kweli wanacheka. Siku hizi mwanaharamu ni mjanja, ni mkorofi, ni dereva wa daladala aliyekupita kituoni makusudi. Anayelitamka hana habari na ndoa ya wazazi wa mtu. Lakini dada hakuolewa na yule bwana, mtaa mzima unajua, na mtoto mwenyewe anajua. Wenzake wakiitwa hivyo husikia utani. Yeye alisikia habari za mama yake.

Hapo ndipo panaponichoma, somo. Matusi yetu makubwa humrukia mama. Lile la nguoni, ambalo siliandiki, linamvua nguo mwanamke aliyeko jikoni kwake hata hajui kuna ugomvi. Na hili nalo: waliotenda ni watu wazima wawili, jina akabandikwa mtoto, aibu akatwishwa dada hata kaburini. Yule bwana je? Yupo, anasalimiwa kwa heshima, na sijasikia tusi hata moja linalomtaja yeye.

Nilikwenda kwa maalim. Akanambia kwa fikhi, yaani sheria ya Kiislamu, mtoto huyu nasaba yake ni ya mama, na mirathi yake ni kwa mama, si kwa yule bwana. Kumbe tusi hili lina uzito hata kwenye mali! Lakini akaongeza kwamba dhambi si ya mtoto, Qurani imesema hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Mbona hilo watu hawalitangazi kama wanavyolitangaza lile la kwanza? Hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kubaguliwa kwa alivyozaliwa.

Kwa ngumi tutaomba radhi, damu ya mtoto wa mtu si jambo dogo. Lakini na wao waje wamtake radhi mtoto wetu, tena wasimwambie ulikuwa utani. Mama anasema niyaache, majirani ni majirani. Siwezi. Nikinyamaza atadhani na mimi naliamini.

Tangu siku hiyo hasemi. Chuo cha Qurani haendi, mpira kauacha.

Somo, nikimleta kwako Unguja likizo hii, utampokea? Kaka yako bado anafundisha wale vijana mpira? Na wewe, bi mkubwa alipokulea peke yake, wale wa mtaa wa pili walipokuwa wakikuita hivyo, ulikuwa ukiwajibu nini? Nani alikukalisha chini akakueleza, na alianzia wapi? Unaweza kumweleza na huyu? Mimi kila nikifungua mdomo nalia.

Nijibu kabla shule hazijafungwa, nikate tiketi ya boti.

Somo yako, Tanga