Wanafunzi wa uandishi wa habari wasome nyaraka kabla ya kutafuta wa kuwahoji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie wanafunzi wa uandishi wa habari wanaokuja huku Kigoma kwa mafunzo kwa vitendo, na hasa jambo moja ambalo naona vyuo vyetu vinachelewa mno kuwafundisha, nalo ni stadi ya kutafuta taarifa na kuzichunguza.

Vijana hawa hufika wakijua kuandaa maswali, kutumia kinasa sauti na kuandika aya ya kwanza inayobeba kiini cha habari, na kwa hayo walimu wao wanastahili shukrani. Lakini mwambie mmoja wao aeleze kwa nini ujenzi wa zahanati katika kata fulani umeishia kwenye linta. Atampigia simu mwenyekiti wa kijiji, kisha atakwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, na wakishamjibu, au wakikataa kumjibu, ataona kazi imekwisha. Ataandika kwamba huyu amesema hivi na yule amesema vile, ataiita hiyo mizania, na msomaji atabaki bila kujua fedha zilitoka lini, zilikuwa kiasi gani na nani alizipokea. Hayo matatu hayapatikani kwa kuhoji peke yake, kwa kuwa yameandikwa mahali, na aliyeyasoma kabla ya kuingia ofisini huuliza maswali ambayo si rahisi kuyakwepa.

Sehemu kubwa ya maandishi hayo si siri. Kila mwaka, kufikia mwisho wa Machi, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali humkabidhi Rais ripoti zake, zikawasilishwa bungeni na kuwekwa kwenye tovuti ya ofisi hiyo. Baadaye halmashauri huitisha vikao maalumu vya madiwani kujadili hoja za ukaguzi zinazozihusu. Mwanafunzi anayepangiwa mkoa huu angepaswa kupanda treni akiwa amekwisha kusoma yanayohusu halmashauri zake nane, kuanzia Manispaa ya Kigoma Ujiji hadi Kakonko, na kunakili katika daftari hoja mbili au tatu anazokusudia kuzifuatilia hadi eneo la mradi. Kuna pia matangazo ya zabuni katika mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023, taarifa za mapato na matumizi zinazotakiwa kubandikwa kwenye mbao za matangazo za vijiji, na mihtasari ya mikutano mikuu ya vijiji.

Pale ambapo karatasi haipo hadharani, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi na kuitaka ofisi husika ijibu ndani ya siku 30. Wanafunzi wengi wameisoma kwa ajili ya mtihani, lakini hawajawahi kuandika barua hata moja ya kuitumia, na barua yenyewe ina ufundi wake. Anayeomba “taarifa za mradi wa maji” atapewa maelezo ya jumla yasiyomsaidia, ilhali anayeomba nakala ya mkataba, tarehe ambayo mkandarasi alikabidhiwa eneo la kazi na orodha ya malipo yaliyofanyika hadi tarehe 30 Juni ameifanya ofisi ijue kwamba anafahamu kinachotafutwa. Kwa kuwa mafunzo kwa vitendo kwa kawaida huchukua miezi miwili hivi, barua hiyo inafaa ipelekwe wiki ya kwanza, igongwe muhuri wa mapokezi, na nakala yake itunzwe.

Niruhusu nitoe mfano wa ziwani, kwa sababu hapo ndipo naona nafasi nyingi zaidi zikipotea. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana na kukua. Kufungwa kuliandikwa, kufunguliwa kukaandikwa, na viongozi walinukuliwa mara zote mbili. Swali lililokuwa vinywani mwa watu wa Kibirizi na Katonga, kama dagaa na migebuka wameongezeka kweli na kama bei imeshuka, lilihitaji mwandishi aliyekuwa na takwimu za kabla ya Mei. Mwanafunzi angeweza kuzikusanya kwa kalamu tu, akinakili bei mwaloni, yaani pale samaki wanaposhushwa, na katika soko la Mwanga kwa kipimo kilekile, saa ileile, akitenganisha dagaa wabichi na wakavu. Angepaswa pia kujua kwamba dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na kwamba wakati wa mbalamwezi uvuvi huo hudorora. Kwa hiyo anayelinganisha wiki ya giza na wiki ya mwezi mpevu atapata tofauti kubwa isiyohusiana kabisa na kufungwa kwa ziwa, na ataichapisha kama ukweli. Hilo wavuvi wanalijua, na angeelezwa kama angeuliza.

Kutoka hapo angeendelea kwa maofisa uvuvi wanaotunza takwimu za mialo, na kwa watafiti wa kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) hapa Kigoma. Ziwa hili ni la nchi nne, na chombo chake cha pamoja, Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, kina makao yake Bujumbura, ambako nyaraka nyingine ni za Kifaransa. Kijana wa Kigoma anayezungumza Kiha huelewana na Mrundi bila mkalimani, na akijifunza Kifaransa cha kusomea nyaraka tu atafikia taarifa ambazo wenzake wengi wa Dar es Salaam hawazifikii. Sijui kwa nini hatuwaambii vijana wetu kwamba huo ni mtaji.

Uchunguzi wa aina hii si jambo geni kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Stan Katabalo wa gazeti la Mfanyakazi alifichua jinsi kitalu cha uwindaji cha Loliondo kilivyogawiwa mgeni kutoka Falme za Kiarabu, na nchi nzima ikalijadili jambo hilo. Ningependa kila mwanafunzi alijue jina lake.

Ninachopendekeza kwa vyuo ni kwamba ripoti ya mafunzo kwa vitendo iambatane na jalada la habari moja tu, lenye mfuatano wa matukio kwa tarehe, nakala za nyaraka, maelezo ya nani alitafutwa na lini, na muda ambao mtuhumiwa alipewa kujibu. Majina ya watoa taarifa walioomba kufichwa yasiwekwe humo. Alama zitolewe kwa jalada hilo, hata kama habari yenyewe haikuchapishwa.

Kwenu wahariri nina ombi la fedha, na ninalisema waziwazi. Mara nyingi mwanafunzi hapati posho, na nauli ya kwenda Kibondo au Kakonko ni mzigo kwake, kwa hiyo hufuata pale ambapo mwenye semina amelipia usafiri, na habari anazoleta huwa za mwenye semina. Gazeti lako likichagua mwanafunzi mmoja kwa kila mkoa, likamlipia nauli ya kufuatilia hoja moja ya ukaguzi hadi kijijini na kumpa mhariri wa kulipitia jalada lake, gharama yake haitakuwa kubwa. Naomba mwanzie Kigoma, na wakati wa kuanza ni mwezi Aprili, ripoti zinapotoka bungeni.

Wako katika kazi,
Mwandishi wa mkoani,
Mwanga, Kigoma