Majibu ya udongo wetu yarudi karakanani

Ndugu Mhariri,

Kila yanapofanyika maonesho ya ubunifu, magazeti hutuonesha wanafunzi wa uhandisi wamesimama pembeni ya mashine mpya. Sina ugomvi nao. Ila mimi ni mtu wa moto: hapa Kashai, Bukoba, nayeyusha skrepa ya aluminiamu, pistoni na rimu za pikipiki, namimina sufuria na puli za mashine za kukobolea kahawa. Mashine sina haja nayo. Shida yangu ni udongo wa kukandikia tanuri.

Aluminiamu haina makuu, kwenye nyuzijoto 660 imeshayeyuka. Kazi inaanza pale mteja anapoleta puli ya chuma cha kumimina iliyovunjika, anataka nyingine kama ile. Chuma hicho kinadai nyuzi 1,200 hivi. Kabla hatujafika huko tanuri limeshapata nyufa kwa ndani, na udongo unalainika na kudondokea kwenye chungu cha kuyeyushia. Matofali ya moto ya dukani, ukijumlisha na nauli ya lori kutoka Dar es Salaam, yanakula faida yote.

Kinachonikera ni kwamba swali hili lilishajibiwa nusu, tena huku huku kwetu. Miaka ya 1970 Peter Schmidt, mtaalamu wa mambo ya kale, alifanya kazi Kagera pamoja na Donald Avery, profesa wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani. Waliwaomba wazee wa Kihaya, ambao walikuwa wameacha kuyeyusha chuma kwa miongo kadhaa, wajenge upya tanuri la zamani. Wazee wakaendesha kazi, mhandisi akapima joto. Matokeo yalitoka mwaka 1978 katika jarida la Science.

Tanuri lenyewe lilikandikwa kwa udongo wa kichuguu. Shimo la chini lilijazwa matete yaliyounguzwa yakawa mkaa. Juu yake ukasimama mnara wa udongo na mavi ya chuma, yaani takataka ngumu zinazobaki chuma kikiyeyushwa. Mirija ya udongo iliingizwa ndani kabisa ya moto, na mivukuto ya ngozi ya mbuzi ikapuliza. Chuma kikishuka kinakutana na mkaa wa matete, kinanyonya kaboni, kinaelekea kuwa feleji, yaani chuma kigumu cha pua. Watafiti hao waliandika kwamba moto ulipita nyuzi 1,800, na kwamba hewa ilikuwa inapata joto ndani ya mirija kabla ya kufika kwenye mkaa. Hoja hiyo ya hewa ilipingwa na wataalamu wengine baadaye, na malumbano yao yalikuwa makali. Waendelee tu. Mimi nauliza ule udongo wa mchwa ulistahimili vipi, kwa sababu kichuguu ninacho nyuma ya karakana.

Kuna mwanafunzi wa chuo kimoja, nisikitaje, alikuja hapa na mifuko ya nailoni. Akachimba kichuguu, akachukua na vipande vya tanuri langu lililopasuka, akapiga picha, akaahidi kuniletea majibu. Kijana mwenye adabu, hata shikamoo aliitoa vizuri. Nadhani alipata alama nzuri. Ripoti iko kwenye kabati la idara, kwa Kiingereza, na mimi bado nachanganya udongo kwa kubahatisha: leo majivu kidogo, kesho chenga za matofali mabovu.

Naziomba idara za uhandisi wa madini na vifaa zilichukue hili kama mradi wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Yapimwe mambo mawili tu kwa uhakika: udongo wa kichuguu wa Kagera, ukichanganywa na chenga za vyungu kiasi gani, unahimili nyuzi 1,200 bila kupasuka? Na kabla ya kukaushwa, usubiri siku ngapi? Hayo yanatosha ukurasa mmoja. Ukurasa huo ubandikwe SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wahunzi wote watauona.

Mwalimu atakayekubali aje. Mkaa nitautoa mimi, vijana wa kupuliza wapo. Yeye alete kipimajoto, na majibu ayaandike kwa Kiswahili.

Mmiminaji sufuria,
Kashai, Bukoba