Barua kwa mwanangu: aliyetuachia mchezo wa pointi tano

Mwanangu Neema,

Barua yako tumeipata, na mama yako anakusalimu sana. Umeniuliza ule mchezo wa treni uliokuwa sebuleni, ule wa pointi tano juu ya ubao (pointi ni pale reli inapogawanyika na treni ikachagua njia), niliutoa wapi, maana unataka kumtengenezea mwanao. Kabla ya vipimo, ngoja nikusimulie habari za mtu aliyeubuni. Kuucheza miaka yote hii bila kumtaja ni kumdhulumu.

Aliitwa John Allen, Mmarekani wa Monterey, California, na kazi yake ilikuwa kupiga picha. Alizaliwa mwaka 1913, akafariki Januari 1973. Sikuwahi kumwona, lakini kwetu sisi tunaojenga reli ndogo huyu ni mwenzetu. Chini ya nyumba yake alijenga reli aliyoiita Gorre & Daphetid, kila kitu kimepunguzwa mara 87. Milima ilianzia sakafuni ikapanda hadi darini, na vioo alivitega mahali mahali ili nafasi ndogo ionekane kubwa. Hata mnyama wa kale, stegosaurus, alikuwa na kazi pale: alivuta mabehewa, na alipewa namba 13 kama injini nyingine yoyote.

Ninachompendea zaidi ni uchafu. Enzi zake wengi waliziacha treni zao ziking'aa kama zilivyotoka dukani. Allen alizichakaza makusudi: masizi juu ya paa la banda la injini, mbao zilizopaushwa na jua, kutu kwenye vyuma. Ndiyo maana tulipokuwa stesheni nilikusimamisha nikikuonyesha chini ya dirisha la behewa, pale maji ya mvua yalipochora mistari ya kahawia. Wewe ulitaka tupande upesi, mimi nilikuwa natafuta rangi za kupaka nikirudi nyumbani.

Wala hakujenga ili akae peke yake na vitu vyake. Rafiki zake walikuja kuiendesha reli ile kama kampuni kamili, kila mtu na zamu yake, kwa saa iliyokwenda mbio kuliko saa ya kawaida.

Siku chache baada ya kufariki kwake kwa ugonjwa wa moyo, moto ukazuka nyumbani mle na sehemu kubwa ya reli ikateketea. Alikuwa ameijenga kwa karibu miaka 20, na bado ilikuwa haijakamilika. Mpaka leo nikilifikiria jambo hilo linaniuma. Bahati yetu, yeye alikuwa mpiga picha. Linn Westcott, aliyekuwa mhariri wa jarida la reli ndogo, alizikusanya picha zake kuwa kitabu kilichotoka 1981, naye Westcott akawa amefariki mwaka mmoja kabla hajakiona. Kwa picha hizo watu wasiofika Monterey wamejifunza kujenga, na mimi ni mmoja wao.

Sasa mchezo wenyewe. Allen aliuchapisha kwenye jarida mwaka 1972. Unapewa mabehewa yaliyochanganyika, kila moja lina mahali pake, na unashindana na saa kuyapanga. Fumbo lote limo katika ufupi wa njia. Ukiirefusha njia ya kuzungukia, ile ya pembeni ambayo injini huipita ili ihamie upande wa pili wa mabehewa, hata kwa behewa moja tu, mchezo unakuwa rahisi mno na mtoto atauchoka kesho yake. Kwa hiyo tafuta kwanza injini na mabehewa, yapange juu ya ubao mtupu, weka alama kwa penseli, ndipo upigilie reli. Pointi zijaribu moja moja kwa behewa jepesi kuliko yote. Likipita bila kuruka, mengine yatapita.

Mchoro nimeukunja humu ndani. Mjukuu wangu umwachie apake kutu mwenyewe, hata akizidisha, na jina la John Allen muandike ubavuni mwa ubao.

Baba yako