Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wenye Vinu vya Posho, Kisumu

Wanachama wenzangu,

Hesabu mtasomewa na mweka hazina. Michango ilikuja kwa kusuasua kama kawaida yetu, ila deni la mizani limeisha.

Kilichotula muda mwaka huu ni ombi la baadhi yenu kwamba chama kiunge mkono ujenzi wa mtambo mkubwa wa makaa ya mawe, eti vinu vipate stima ya bei nafuu. Kamati ilikataa, na ni haki yenu kujua sababu.

Mfano mliotupa ni Bełchatów, kule Poland. Ni mtambo mkubwa kweli: takriban megawati 5,000, unatosha kuwasha Kenya nzima saa za jioni na ukabaki na akiba. Lakini unachoma linyiti, makaa ya kahawia yaliyojaa maji, na joto jingi huishia kuyakausha. Kwa kila uniti ya stima hutoka kama kilo moja ya kaboni dioksidi, au zaidi. Mwaka 2021 pekee ulitoa zaidi ya tani milioni 30. Mzee mmoja aliuliza gesi inawezaje kuzidi uzito wa kilichochomwa. Swali zuri hilo. Kaboni ikiungua hujichukulia oksijeni hewani, hivyo kilo 12 za kaboni huzaa kilo 44 za gesi. Vichujio vya majivu haviizuii. Wenye mtambo walipanga kuinasa na kuizika ardhini, na mwaka 2013 wakaachana na mradi huo.

Hapa nchini, ule wa Lamu ulikuwa uwe wa megawati 1,050. Juni 2019 jopo la kesi za mazingira lilifuta leseni yake kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Nao ungeanza kwa makaa ya kuagizwa ng'ambo. Makaa yanayonunuliwa kwa dola yatamshushia bei vipi msagaji wa Kondele? Soma bili yako: gharama ya mafuta imeandikwa peke yake, na hupanda mitambo ya mafuta inapowashwa sana.

Hata sisi tuna mtambo wetu wa mafuta pale Muhoroni, unaosaidia kushikilia volteji upande huu wa magharibi. Sisemi uzimwe kesho. Fezi moja, yaani waya mmoja kati ya mitatu inayoleta stima, ikipotea na mota ikaungua, simu mnanipigia mimi, tena usiku. Ninachotaka ni laini na transfoma imara za kutufikishia stima ya mvuke wa ardhini wa Olkaria, ambayo nchi hii imekuwa ikizalisha tangu 1981 bila kuchoma chochote.

Hilo ndilo tumeliandika kwenye barua yetu kwa kampuni ya umeme. Haijajibiwa. Tutaandika tena, safari hii kwa ushahidi: kila mwenye kinu alete kwa katibu bili zake za miezi mitatu, na risiti ya fundi kama mota yake iliungua. Msingoje mpaka siku ya mkutano.

Mwenyekiti